Kalunguyeye Aliyeishi Miezi Kumi

Kaka yangu mpendwa,

Habari za huko uliko? Natumaini kifua kimeachia na kile kikohozi kimepata mtu mwingine wa kumsumbua. Sisi huku ni wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuchechemea. Mdogo anaota meno, na tangu Jumatano hataki kuwekwa chini hata nusu dakika, kwa hiyo nakuandikia akiwa mapajani, na mkono wake umeshika kalamu pamoja na wangu. Ukiona mwandiko unaruka kama panzi usidhani dada yako amesahau shule. Huyo ni mpwa wako anakusalimu. Mkubwa hajambo, amepoteza jino la pili la mbele na anaringa nalo kama ameshinda mbio. Shemeji yako amebadilishiwa zamu tena, tunapishana mlangoni kama walinzi wa benki. Mama anaendelea vizuri na goti lake. Amenituma nikuulize kama unakula, maana anasema mara ya mwisho alipokuona ulibaki shingo na mashati.

Najua barua ndefu hukuchosha. Hii ni ndefu. Vuta kiti, na madhumuni yake nitayafikia, usiniharakishe.

Nilikuambia kwamba nimerudi kazini maktaba. Kazi ni ile ile ya chumba cha nyuma: kushona vitabu vilivyoachia, kubandika migongo, kufuta penseli za watoto na wakati mwingine uji wao. Mwezi uliopita mkuu wetu, tunayemwita Mama Kimya kwa sababu akikasirika ndipo sauti yake inaposhuka, aliniita ofisini kwake. Nikafuta gundi mikononi nikaenda huku nikijiuliza nimeharibu nini. Kumbe alikuwa anaunda kamati ya kuchagua vitabu vya watoto kuhusu wanyama, wale wadogo wa kufugwa nyumbani na wale wa porini, na alitaka niwemo. Vitakavyopita vitapelekwa kwenye shule zote zinazoazima kwetu. Nikamwambia elimu yangu anaijua, sekondari niliimaliza kwa kuisukuma kama gari bovu. Akajibu kwamba wasomi anao wa kutosha. Alimhitaji mtu anayejua kitabu huchanikia wapi. Hapo alinipata, kwa sababu hilo nalijua. Kitabu ambacho watoto wanakiamini huachia kwenye ukurasa mmoja ule ule, ule wanaourudia. Kitabu kinachowadanganya hurudi kimenyooka, utadhani kilikwenda kutembea tu.

Basi tukawa wanne. Mama Kimya mwenyewe. Daktari wa mifugo, kijana mpole anayenukia dawa ya kupe hata akivaa suti. Mwalimu mstaafu ambaye tumempa jina la Nukta, kwa kuwa anaweza kugombana nusu saa kuhusu nukta moja na akashinda. Na mimi, na mtoto mgongoni. Maandiko yanatufikia yakiwa yameondolewa jina la mwandishi, yamebaki na namba tu, ili asipendelewe mtu. Kila mmoja huchukua nakala nyumbani kwa wiki moja na kujaza fomu yenye maswali mawili, la lugha na la picha. Mtu hata mmoja akiandika hapana na sababu yake, andiko linazuiwa. Na mwenye undugu na mwandishi, akimtambua, lazima aseme na atoke. Hili la undugu likumbuke.

Ungetuona tunavyofanya kazi ungecheka. Namba tatu ilimfundisha mtoto kumwogesha sungura kwa sabuni kila Jumamosi, kisha kumwanika juani. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha kucheka akatueleza kwamba sungura anaweza kufa kwa mshtuko wa maji peke yake. Namba kumi na moja ilimwita simba mfalme wa msitu, na Nukta akataka kujua ni msitu gani huo, maana simba anaowafahamu yeye wanakaa kwenye nyasi. Lakini iliyonifungua macho ni namba tano, ya samaki wa kwenye chupa. Ilikuwa na picha nzuri sana, na chini ya picha moja iliandikwa kwamba samaki akielea ubavu juu ya maji, amelala. Nilikuwa namsomea mkubwa pale jikoni huku nakoroga uji wa mdogo. Akaniangalia kwa huruma akaniambia mama, huyo amekufa.

Siku ya kikao nikapendekeza swali la tatu kwenye fomu: mtoto akifuata kila neno la kitabu hiki, je, mnyama atakuwa hai mwezi ujao? Nilidhani watanicheka. Mama Kimya akalipiga chapa siku hiyo hiyo. Daktari akaongeza kwamba kwa wanyama wa porini tuligeuze, tuulize kama mtoto naye atakuwa hai, kwa sababu namba nane ilikuwa inaeleza jinsi ya kumtazama mamba kwa karibu.

Ndipo ikaja namba kumi na saba.

Niliifungua kwenye meza ya kazini, wakati wa mapumziko, mkono mmoja una mkate. Ukurasa wa kwanza ulizungumzia mnyama mdogo mwenye miiba ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira. Nikasema aha, kalunguyeye, huyu namjua. Ukurasa wa pili ukataja boksi la viatu lililotobolewa matundu saba kwa msumari wa moto, likawekwa chini ya ngazi ya jikoni. Nikaweka mkate chini. Kaka, mtu mmoja tu duniani alitoboa matundu saba kwenye boksi la viatu, akaungua kidole gumba, akaniapisha nisimwambie Mama.

Mwaka jana uliniambia unaandika kitu baada ya kufunga duka la saa, ukanikataza kuuliza. Sikuuliza. Sikujua kama ni hicho, wala sikujua kama umekileta kwetu. Nilipomchokonoa Mama jioni ile, akakiri kwamba ulimwambia umeshakataliwa mara tatu kwingine, na ukikataliwa safari hii utachoma karatasi zote na hutashika kalamu tena isipokuwa kuandika jina la mteja kwenye bahasha ya saa yake. Basi nikajua nimebeba nini.

Na kitabu ni kizuri. Nakuambia kama fundi wa vitabu, si kama dada. Ule mstari unaosema miiba yake ikitulia ni kama nyasi zilizolazwa na upepo, na akishtuka inasimama kama nywele za mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu, niliusoma nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanigeukia. Nilimsomea mkubwa mara tatu. Sasa anajikunja chini ya meza na kukataa kutoka mpaka tunyamaze wote. Shemeji yako, ambaye hajasoma kitabu tangu aache shule, alichelewa kazini kwa sababu alitaka kwanza kujua kama kalunguyeye atapatikana chini ya kabati.

Kisha nikafika sura ya nne, ya chakula. Umeandika kwamba kalunguyeye alishwe mkate uliolowekwa kwenye maziwa, asubuhi na jioni. Umeandika kwamba wako aliishi hivyo miezi kumi, akanenepa, akapata mwenzake, akarudi zake porini akiwa na afya. Na kwa sababu wewe ni mtu wa kupima na kuhakikisha, umeweka ushahidi: barua za mtunzaji mdogo aliyebaki nyumbani wewe ulipopelekwa shule ya bweni, barua za kila juma, zenye tarehe, uzito, hata rangi ya kinyesi. Zile barua zangu, Kaka. Umezitunza miaka ishirini. Umenisahihishia hata makosa ya herufi.

Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho wa sura, akaniuliza kama tunaweza kumtafuta kalunguyeye wetu, kwa sababu mkate upo na maziwa yapo. Nikamwambia akaoge.

Ilinipasa siku ile ile niende kwa Mama Kimya nimwambie huyu ni kaka yangu, nitoeni. Sikwenda. Nilikaa kimya wiki mbili. Sitakudanganya sababu yake: nilitaka kubaki ili nikunyooshee mkono. Nilijiambia kwamba sura moja ya chakula si kitu, daktari ataiona, atairekebisha kwa kalamu yake, na mimi sitalazimika kufungua kinywa.

Daktari aliiona kweli. Kwenye kikao akasema kwamba alivyofundishwa yeye, kalunguyeye ni mla wadudu, na maziwa humharisha. Nikashusha pumzi. Lakini akaendelea kusema kwamba mwenyewe hajawahi kumfuga, na hapa kuna mtu mwenye kumbukumbu za miezi kumi, juma kwa juma, na tumbo la mnyama si la kitabuni. Kwa hiyo yuko tayari kukubali tukiweka tahadhari ndogo chini ya ukurasa. Nukta akapiga meza akasema amefundisha miaka arobaini na hajapata kuona ushahidi wa mtoto ulioandikwa kwa uaminifu namna ile. Akasema angependa kumpa mkono huyo mtunzaji. Mama Kimya akatikisa kichwa kukubali. Mikono mitatu ikawa juu. Wote wakanigeukia mimi, na mdogo akawa ananivuta hereni.

Kaka, nilikuandikia hapana.

Nukta akauliza sababu, maana hapana bila sababu haisimami. Nikasema zile barua ni za uongo. Akakasirika, akaniuliza kwa haki gani namwita mwongo mtoto wa watu nisiyemjua. Nikamjibu kwamba namjua sana, tumelala kitanda kimoja maisha yangu yote.

Niliyowaambia wao, nakuambia wewe sasa, na ulistahili kuyasikia miaka ishirini kabla yao.

Uliondoka Jumapili. Uliniachia maelekezo: mkate, maziwa, asubuhi na jioni, na nisimguse tumboni. Nilifuata kila neno, nilikuwa na miaka tisa na ulikuwa ndiye mtu mwenye akili kuliko wote niliowajua. Siku ya nne akaanza kuharisha. Nikadhani ni njaa, nikaongeza maziwa. Siku ya nane hakujikunja tena nilipomshika, nikafurahi, nikadhani amenizoea. Siku ya kumi na moja nilimchungulia kabla ya kwenda shule, amelala kwa ubavu. Niliporudi alikuwa vile vile, na sisimizi walikuwa wameshamfikia. Mama ndiye aliyenisaidia kumzika, nyuma ya tangi la maji, ndani ya ile soksi yako moja isiyokuwa na mwenzake.

Barua yako ya kwanza ilifika mchana ule ule. Nadhani umeisahau. Uliandika kwamba wakubwa wa bweni wamekunyang'anya blanketi, kwamba unalia ukijifanya una mafua, na kwamba umeshajua njia ya kutorokea, kupitia shimo la uzio na kisha barabara kuu. Ukamalizia kwamba unavumilia kwa sababu ya kalunguyeye tu, na nikuambie anavyoendelea. Mama akanisimamia nikuandikie ukweli. Akaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikaitikia ndiyo Mama, nikakaa nikaandika kwamba hajambo, amekula vizuri, anakusalimu. Niliona barabara kuu na malori, na wewe huna blanketi. Nikalamba bahasha nikaifunga.

Nilidhani itakuwa barua moja. Juma lililofuata ukauliza tena. Kisha ukataka uzito, nami nikaenda dukani nikaomba kupimiwa vitunguu viwili. Zile gramu mia nne ulizoandika kwenye ukurasa wa thelathini ni za vitunguu, Kaka. Rangi ya kinyesi niliibuni. Yule mwenzake niliyemleta mwezi wa tisa, nilimleta kwa sababu ulikuwa unakaribia kurudi likizo na nilihitaji mtu wa kuondoka naye. Uliporudi nikakuonyesha mahali walipopenya chini ya ua. Ulikaa pale mchana kutwa unatabasamu, ukasema afadhali ameenda na mtu wake. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho ya kukuambia, nikaona uso wako, nikaenda kukuletea maji ya kunywa.

Mama Kimya alishusha sauti hata nikajua nimeiva. Alinikemea kwa kuficha undugu wetu wiki mbili, na alikuwa na haki. Ameniondoa kwenye namba kumi na saba, atakaa mtu mwingine mahali pangu. Kwenye vitabu vingine ameniacha, akasema angalau swali la tatu limejibiwa na aliyelitunga. Andiko lako halikupita. Halikutupwa pia. Litashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi ujao likingoja marekebisho yako, na barua rasmi itakufikia baada ya wiki moja hivi. Niliomba nitangulie. Hukustahili kuipata habari hii kutoka kwenye karatasi yenye mhuri.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa anakunja nepi. Nikamweleza yote. Akaendelea kukunja, akasema alidhani njia ya mwongo ni fupi, kumbe yangu imepita posta kila juma na kufika mpaka kitabuni. Nikamwambia siku zote nilifikiri amesahau. Akasema mama hasahau, alikuwa anangoja tu kuona nani kati yetu atachoka kwanza.

Mimi nimechoka, Kaka. Nisamehe. Lakini naomba unisikie vizuri, maana msamaha ninaouomba ni wa zile barua, si wa hapana yangu. Hiyo ningeiandika tena kesho. Ukikipeleka kitabu hicho kwingine kama kilivyo, nitawaandikia na hao. Unanijua.

Wala usiniambie unachoma karatasi. Daktari amejitolea kukueleza kila kitu: mende, minyoo, konokono, kisahani cha maji safi, na kubwa kuliko yote, kwamba ukimkuta mzima umwache alipo, kwa sababu huyu ni mnyama wa porini aliyepita tu jikoni kwetu. Amekuandikia anwani yake nyuma ya ukurasa huu. Nukta naye ameniagiza nikuambie nukta zako hazina kasoro, na mtu huyo hajawahi kumwambia hivyo hata mkewe. Kilichobaki ni sura ya nne, na hiyo hakuna awezaye kuiandika isipokuwa wewe. Kalunguyeye wetu hukumuua wewe, wala sikumuua mimi kwa kukutii. Tulikuwa watoto wawili wenye boksi la viatu, tukampenda kwa tulichokuwa nacho, na hatukuwa na kitabu. Andika kwamba aliishi siku kumi na moja. Niandike mimi na vitunguu vyangu. Mtoto mmoja akiisoma hiyo sura akarudisha mkate kabatini, mimi nitakuwa nimelipwa.

Jana nimemweleza mkubwa. Nilitarajia machozi. Akaniuliza kama mjomba anajua. Nikasema bado. Akasema basi niharakishe, asije akaandika cha pili.

Mama anakusalimu na kukusisitizia kula. Shemeji yako anakusalimu, anasema duka likikuchosha njoo ukae kwetu wiki moja, utamsaidia kubeba mtoto. Mdogo amesinzia mkononi na mkono wangu umekufa ganzi, sithubutu kuusogeza, kwa hiyo naishia hapa. Nijibu. Kama una hasira, niletee hiyo hiyo kwanza, nitaisoma yote mpaka mwisho.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Mama wa wapwa zako wawili.